Maswali ya Wasomaji: Tarehe 30 Juni na Mchango wa Lubumbashi

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu sikukuu ya uhuru. Tumechagua nne zinazougusa mji wetu moja kwa moja, tukazifupisha bila kugeuza maana yake.

Bwana Mhariri, kila inapokaribia tarehe 30 Juni huwafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa sita juu ya ghasia za Léopoldville (Kinshasa ya leo) za tarehe 4 Januari 1959, Meza Duara ya Brussels, yaani mkutano wa Wakongo na Wabelgiji juu ya uhuru, na hotuba ya Patrice Lumumba mbele ya Mfalme Baudouin. Mwaka jana mtoto mmoja aliniuliza: "Na watu wa huku kwetu walifanya nini?" Nikamjibu kwamba Lumumba aliuawa huku. Akasema hilo si jambo tulilolifanya kwa ajili ya uhuru. Nimweleze nini?
Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba

Mwalimu, mwanafunzi wako ana haki. Masimulizi mengi ya uhuru wetu huanzia kwenye vyama vya siasa vya miaka ya 1950, na kwa kuwa vyama vilivyovuma vilikuwa na nguvu Léopoldville na Stanleyville (Kisangani ya leo), Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, huonekana kama mji uliolala usingizi hadi jimbo la Katanga lilipojitenga Julai 1960. Habari hubadilika ukirudi nyuma hadi Desemba 1941.

Mwaka huo Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani, na Kongo ilitakiwa kutoa shaba, bati, mpira na urani kwa ajili ya vita. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliwahimiza wafanyakazi wazalishe zaidi, huku bei za vitu zikipanda na mshahara wa mtu mweusi ukibaki nyuma. Naye mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda chama cha wafanyakazi, ilhali wenzake wazungu walikuwa wamekwisha kujipanga. Mgomo ukatokea Jadotville, yaani Likasi ya leo, na hapa mjini. Tarehe 9 Desemba wafanyakazi wa Élisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na Gavana Maron akaja mwenyewe kuzungumza nao. Karani Léonard Mpoyo alikuwa msemaji wa wenzake. Askari walipofyatua risasi, Mpoyo aliuawa, na pamoja naye makumi ya watu wengine, ambao idadi yao iliyotolewa na wakoloni haikukubaliwa kamwe na wenyeji.

Wapo watakaokuambia kwamba watu hao walidai mshahara, hawakudai bendera, na kwa hiyo hawaingii katika habari za uhuru. Sikubaliani nao. Utawala wa Kibelgiji katika mji huu haukujengwa juu ya bendera; ulijengwa juu ya mkataba wa kazi, posho ya unga, kambi ya kampuni na fimbo, na mtu aliyesimama mbele ya gavana akasema kwamba kazi yake haiwezi kupangiwa bei na mwajiri peke yake alikuwa ameugusa utawala huo pale unapoumia. Wafanyakazi weusi waliruhusiwa vyama mwaka 1946, tena kwa masharti mengi. Hushangaza kwamba timu ya mpira iliyozaliwa hapa mwaka 1939, Mazembe, inajulikana hadi Cairo, wakati waliokufa uwanjani miaka miwili baadaye hawajulikani hata katika komini jirani.

Mwambie pia mtoto huyo habari za Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba katika Kongo ya Chini. Alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akahukumiwa kifo, Mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na kifungo hicho akakitumikia hapa, katika gereza la mji wetu, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Wakoloni walimleta Katanga kwa sababu ilikuwa mbali na watu wake, na waumini wengine walihamishiwa sehemu mbalimbali za nchi, jambo ambalo lilieneza imani waliyotaka kuizima. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Ukipenda, somo lako laweza kuanza siku hiyo.

Jambo la tatu ni fupi. Mwishoni mwa Januari 1960 Lumumba, aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita kwa sababu ya ghasia za Stanleyville za Oktoba 1959, alikuwa mfungwa katika gereza la Jadotville. Kutoka huko ndiko alikotolewa na kupelekwa Brussels, akiwa bado na alama za pingu mikononi. Mwaka mmoja baadaye alirudishwa Katanga akiwa amefungwa tena.

Bwana Mhariri, rafiki yangu anadai kwamba uhuru tulipewa tu, kwamba Wabelgiji walikuwa na haraka ya kuondoka na tarehe waliipanga wao. Je, tunasherehekea zawadi?
Mwanafunzi, Ruashi

Mdogo wetu, anayetaka kuondoka haweki mpango wa miaka 30. Mwishoni mwa 1955 profesa mmoja wa Kibelgiji, Jef van Bilsen, alipopendekeza kwamba Kongo iandaliwe kwa uhuru katika muda huo, wakubwa wengi wa koloni walimwona kuwa mtu wa hatari. Hata tarehe 13 Januari 1959, siku tisa tu baada ya damu kumwagika Léopoldville, Mfalme alipolitamka neno uhuru, hakutaja mwaka wowote.

Kilicholeta haraka ni watu. Katika mwaka 1959 sehemu kubwa ya Kongo ya Chini ilikataa kulipa kodi na kutii maofisa, na mwezi Oktoba Stanleyville ikawaka. Ubelgiji ilikuwa ikiona yaliyokuwa yakiipata Ufaransa kule Algeria na haikutaka kupeleka vijana wake kwenye vita vya namna hiyo. Meza Duara ilipofunguliwa Brussels tarehe 20 Januari 1960, Wabelgiji walitegemea kwamba wajumbe wa Kongo wangegombana wao kwa wao, kwa maana vyama vyao havikupendana. Wajumbe wakaunda umoja mmoja, wakadai Lumumba afunguliwe, wakadai tarehe, na tarehe 27 Januari siku ya 30 Juni ikakubaliwa. Kwa hiyo tarehe tuliidai sisi.

Hata hivyo rafiki yako angekuwa na hoja nzuri zaidi kama angeuliza ni kitu gani hakikutolewa. Meza Duara ya pili, iliyohusu uchumi, ilifanyika Aprili na Mei wakati viongozi wetu wakubwa walikuwa nyumbani wakitafuta kura, na siku chache kabla ya uhuru Ubelgiji iliivunja Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho kupitia kwake serikali mpya ingerithi sauti kubwa ndani ya Union Minière. Bendera ilipopandishwa, shaba ilikuwa imekwisha kusogezwa pembeni.

Bwana Mhariri, nilizaliwa mwaka 1948. Kwetu marehemu baba alisherehekea tarehe 11 Julai, siku Katanga ilipojitangazia uhuru wake, na picha ya Moïse Tshombe, kiongozi wake, ilikuwa ukutani. Mjukuu wangu amerudi kutoka shuleni akiniuliza kama baba yangu alikuwa msaliti. Sikuwa na la kusema.
Mzee wa Kamalondo

Mzee wetu, neno msaliti halimfai mjukuu kuwa mwanzo wa kumfahamu mtu aliyemtangulia. Aanze na mji. Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 1957, wa kwanza kwa watu weusi hapa, mameya weusi waliopatikana walitoka nje ya Katanga, wengi wao Kasai, na watu wengi wa asili ya jimbo hili wakahofia kwamba uhuru utawakuta wageni katika nchi yao. Kutokana na hofu hiyo CONAKAT, chama cha Tshombe, iliundwa mwaka 1958. Baba yako huenda aliisikia hofu hiyo sokoni na kazini kila siku, nayo haikuwa ya kubuni.

Lakini hofu ya kweli yaweza kutumiwa na wengine, na ilitumiwa. Dola la tarehe 11 Julai 1960 lilisimama kwa fedha za Union Minière na kwa maofisa wa Kibelgiji, baadaye kwa askari wa kukodiwa, na halikutambuliwa na serikali yoyote, hata ya Ubelgiji. Wala Katanga haikuwa na sauti moja: Balubakat, chama cha Jason Sendwe, iliukataa utengano huo, kaskazini ya jimbo iliingia vitani, na mwaka 1961 maelfu ya Wabaluba wa mji huu walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Utengano ulikwisha Januari 1963, na mwaka uliofuata Tshombe huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, jambo ambalo wanaopenda kugawa watu kuwa mashujaa na wasaliti hulipita haraka.

Usimfiche mjukuu tarehe 17 Januari 1961. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliteremshwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano wakiwa wamefungwa na kupigwa, wakauawa usiku huo huo porini, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya nchi hiyo walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mazingira yaliyoleta kifo cha Lumumba. Kwa maoni yangu unaweza kuihifadhi picha ya ukutani na bado ukasema wazi kwamba yaliyotendeka usiku ule yalikuwa uhalifu. Baba yako hakuwa pale. Na kama aliishabikia serikali iliyokuwa pale, mjukuu ana umri wa kuelezwa hayo yote mawili.

Bwana Mhariri, miaka mingine hakuna hata defile (gwaride), viongozi wakisema siku ipitishwe kwa kutafakari. Watoto wangu wanaijua 30 Juni kuwa siku ya kuku na muziki tu. Tufanye nini nyumbani?
Mama wa watoto wanne, Kampemba

Mama, kuku na muziki visikusumbue. Mwaka 1960 pia watu walicheza. Kama mna nafasi na usafiri, nendeni Shilatembo, kwenye njia ya Likasi, karibu kilomita 50 kutoka mjini, mahali Lumumba na wenzake walipouawa. Miili yao iliharibiwa kwa asidi, na jino ambalo polisi mmoja wa Kibelgiji alikuwa amelichukua ndilo lililorudishwa na Ubelgiji tarehe 20 Juni 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni lilipitishwa Shilatembo pia. Watoto wakubwa wanaweza kuelezwa haya. Wadogo wangoje.

Kama safari haiwezekani, mtafuteni mzee aliyekuwa na akili timamu mwaka 1960. Kwa sasa atakuwa amekaribia au kupita miaka 80. Msimwombe awaeleze uhuru kwa jumla, kwa kuwa atawarudishia maneno ya redio. Mwulizeni waliishi kambi gani, posho ilikuwa nini, mtu mweusi alihitaji karatasi gani ili aingie mji wa wazungu usiku, na wazazi wake walisema nini nyumbani wiki ile ya mwisho wa Juni. Mwachieni mtoto mkubwa arekodi kwa simu, na andikeni jina la mzee na tarehe siku hiyo hiyo. Akikubali, nakala moja mtuletee hapa ofisini.