Maswali ya usafi na dawa za nyumbani: kwanza acheni kuchanganya

Haya jamani, tangu mvua ianze maswali yamejaa, na nusu yake ni swali lile lile limebadilisha buibui: "Somo, nikitia hiki na hiki na hiki pamoja, si ntapata dawa kali zaidi?" Nimechagua ya kujibu, wengine mtanisamehe. Na yule aliyeuliza kama magadi yang'arisha meno simjibu, meno ni yake.

Somo, nimetumiwa kwenye simu namna ya kutengeneza dawa ya choo ya asili: siki kikombe kimoja, bekingi soda vijiko vinne, ndimu tatu, halafu kifuniko cha Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, "kuongeza nguvu". Yafaa? (Mama wa Kisauni)

Haifai, na hicho kifuniko cha Jik ndicho kilichonifanya nianze na wewe. Siki ni asidi, ndimu ni asidi. Jik ikikutana na asidi yatoa hewa ya klorini, hewa ile ile Wajerumani waliyowafungulia wenzao vitani kule Ubelgiji mwaka 1915, na wewe leo wataka kuitengeneza kwenye choo kisicho na dirisha ila kitundu cha tofali, mlango umeufunga ili watoto wasikusumbue.

Mie sisemi haya kwa kusoma tu. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Idi, mwajua vile nyumba hukoshwa mpaka kuta, nilimwaga dawa ya choo ya dukani, ile ya kutoa ukoko, nikaona haiendi mbio nikaongeza Jik juu yake. Kumbe ile dawa nayo ni asidi. Sikufika hata kusugua, kifua kikabana, macho yakatiririka, nikatoka mbio na leso moja mwilini na shemeji yangu amekaa ukumbini anywa kahawa. Idi nzima nilikohoa.

Na hata ukiitoa Jik, dawa yenyewe ni kazi bure. Siki na bekingi soda zikikutana zamalizana zenyewe kwa zenyewe, lile povu mnalolirekodi na simu ni hewa tu kama ya soda ya chupa, likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi. Umenunua vitu viwili ukatoa maji. Nyanya yangu hakusoma kemia lakini alikuwa na kitu kimoja kwa kazi moja, ndimu kwa shombo na kutu, jivu kwa masufuria, jua kwa magodoro, wala sikumuona siku moja akivikutanisha. Wewe ukoko wa choo utoe kwa siki peke yake, imwage usiku, ulale, asubuhi sugua upige maji mengi. Siku nyengine ndio utie Jik, na iwe peke yake, kwa maji ya baridi, mlango wazi, na kama mtoto amekojoa piga maji kwanza manake mkojo na Jik pia havipatani. Na ile Jik uliyoizimua na maji usiiweke wiki nzima, kesho yake ishachoka. Ya leo tumia leo.

Mume wangu amerudi harusini na doa la biriani kifuani mwa kanzu nyeupe. Nimepaka sabuni doa likawa jekundu! Nimeiharibu? (Majengo)

Hukuiharibu mamangu, tulia. Hiyo ni manjano, kile kiungo cha biriani, ikiguswa na sabuni hugeuka nyekundu, ukiisuuza yarudi njano, ndio tabia yake. Anza na mafuta kwa sababu biriani ya harusi ina samli ya kutosha kuwasha taa: tia sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, fikicha na vidole, suuza. Halafu ianike ingali mbichi, doa likiangalia jua, mchana kutwa, na kama halijatoka rudia kesho. Manjano haiwezi jua. Tatizo lenu mwaona haya majirani wasione doa mwaanika ndani, kisha mwaja kwangu na Jik mkononi, na kanzu ikiwa ya hariri Jik itaila yote na darizi zake.

Najua swali linalofuata ni la nguo iliyoshika kutu ya kamba ya waya. Ndimu na chumvi, juani. Usiguse kutu na Jik, yaikaza tu.

Nimeweka karafuu kwenye kabati la jikoni na mende bado wanazaliana. (Mikindani)

Mende wa Mombasa amekulia Marikiti kwenye magunia ya viungo, karafuu ndio manukato yake. Ziba nyufa, futa mafuta nyuma ya jiko, usilaze vyombo vichafu. Wakizidi, unga wa asidi ya boriki kidogo na sukari nyuma ya kabati, mahali mkono wa mtoto haufiki, manake hiyo ni sumu na isikuhadae kwa weupe wake.

Maji ya kisima yametia ukoko mweupe ndani ya birika la stima, nimesugua mpaka basi. Watu wasema siki. Na je nikipigia deki sakafu ya terazo kwa siki hiyo hiyo? (Tudor)

Birika ndio, sakafu la.

Kisiwa chetu chote kimekaa juu ya matumbawe, maji ya kisima yakipita humo yabeba chokaa, ukichemsha maji yaenda chokaa yabaki. Siki kiasi na maji kiasi hicho hicho, chemsha, zima, wacha saa moja, mwaga. Kisha chemsha maji matupu mara mbili kabla ya kupika chai usije ukawapa wageni chai ya achari. Kama birika ni la alumini usilaze siki humo usiku kucha, yalila.

Sasa fikiria mwenyewe. Siki iliyokula chokaa ya birika, kwa nini isile sakafu? Zile chembe za terazo nyingi ni marmari, na marmari ni ndugu yake chokaa. Siku ya kwanza wala huoni kitu, mwezi wa tatu sakafu imefifia kama glasi iliyopigwa mchanga na hapo hakuna cha kuirudisha ila fundi aje na mashine. Maji na sabuni kidogo yatosha. Na nyinyi mnaokaa Mji wa Kale, tafadhali sana, nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, msifute ukungu ukutani kwa siki. Watu wamezitunza nyumba hizo miaka na miaka, wewe waja kuzikosha kama saladi.

Shombo ya samaki mikononi? (Nyali)

Ndimu. Haya, mwengine.

Mwanangu wa miaka miwili anaharisha tangu jana. Mavyaa asema nimpe dafu tu, eti ni dripu ya asili. (Likoni)

Kama bado anaharisha, weka simu chini umpeleke zahanati kisha urudi usome.

Mie dafu nalipenda, lakini hilo neno "dripu ya asili" lanitia homa. Dafu lina potasiamu nyingi na chumvi hii ya kawaida kidogo sana, na mtoto anayeharisha chumvi ndiyo hiyo anayoipoteza. Si baya kumpa afunde kidogo, ila si badala ya ORS, zile pakiti za zahanati. Na watampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, vimalize hata kama ameshapona siku ya tatu, manake nawajua, mtoto akianza kucheza tu dawa yasahaulika juu ya friji.

Usiku wa manane huna pakiti: maji safi lita moja, yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko cha CHAI. Si kile cha kupakulia, na si kwa kukisia na vidole kama watia mchuzini, chumvi ikizidi yamdhuru mtoto zaidi ya kuharisha kwenyewe. Onja kwanza, ikiwa na chumvi kushinda machozi mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee, na usimkatize kunyonya wala kula. Maji hayo yakimaliza saa 24 mwaga. Ukiona macho yamezama, analia hapana machozi, amelegea haamki vizuri, au choo kina damu, usingoje asubuhi.

Dafu mpe mavyaa, na umwambie ahsante.

Nguo za mwanangu wa kwanza niliziweka sandukuni na nafthalini, vile vidonge vyeupe. Wa pili azaliwa mwezi ujao, nazitoa namvalisha tu? (Changamwe)

Usithubutu. Swali hili ndilo zuri kuliko yote wiki hii.

Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kiitwacho G6PD. Huku Pwani tunao wengi, zaidi wavulana, kwa sababu ni hali inayowakinga watu kiasi na malaria, kwa hivyo palipokaa malaria enzi na enzi nayo ikakaa. Mtoto kama huyo aweza kukua mzima asijue maisha yake yote. Lakini akivuta hewa ya nafthalini, au ikampenya kwenye ngozi kutoka kwa nguo na blanketi, damu yake yavunjika. Aingia manjano ya macho na ngozi, mkojo wawa kama chai ya rangi, alegea. Na manjano ya mtoto mchanga ikizidi yaweza kuharibu ubongo. Haya yote kwa kidonge cha kufukuza nondo!

Vitupe. Fua nguo zote na sabuni, si kusuuza, kufua, zianike upepo na jua siku kadhaa mpaka ile harufu iishe kabisa, na iliyokataa kutoa harufu fanya tambara la deki. Na mtoto usimpake mafuta mwili mzima kisha ukamvalisha nguo yenye harufu hiyo, mafuta yasaidia kuipitisha ngozini. Na zilizobaki sandukuni zifue, zikauke sawasawa, zifunge kwenye mfuko, basi.

Na kwa kuwa nimeshaingia chumba cha mzazi: wanja kwenye kitovu hapana, wanja mwengine una risasi ndani, risasi ya madini si ya bunduki, lakini nayo yaua. Waulize kliniki wakupe klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya kupaka kitovuni. Na chetezo kitoke chumbani. Najua ubani ni mila, mie nyumba yangu yanuka udi toka ukutani, lakini mapafu ya siku nne si ya kufukizwa, fukizeni ukumbi.

Mtoto ameungua na uji, nipake dawa ya meno, asali, yai au mafuta ya nazi? (watu sita tofauti!!)

Hapana, hapana, hapana na hapana. Maji ya mfereji yanayotiririka, dakika 20, tazama saa. Halafu funika kwa kitambaa safi uende hospitali. Nshalijibu hili sijui mara ngapi na bado mwaniletea yai. Na asali kwa mtoto wa chini ya mwaka hata kwa kikohozi usimlambishe, yaweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza mpaka ashindwe kupumua.

Mwarobaini watibu maradhi arobaini, mbona watuambia tusiwape watoto? (Bamburi)

Arobaini ni jina, si orodha. Chemsha majani umuogeshee mwenye mwasho, chomeni majani nje jioni mbu wapungue kidogo, sina neno. Ninachokataa ni kumnywesha mtoto mafuta yake, watoto wameshatapika na kushikwa na degedege kwa mafuta hayo, na kinachokataliwa zaidi ni homa kutibiwa kwa majani siku tatu ndipo mukumbuke kupima malaria. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo. Na chandarua kiko wapi? Kimefungia kuku, eh?

Nataka kuanza biashara ya sabuni ya maji ya asili nyumbani, unipe mwongozo. (Kijana, Mtwapa)

Mdogo wangu, sabuni hizo za jerikeni ni ungerol na asidi ya salfoniki, kemikali za dukani za kutoa povu, na rangi ya kijani, uza upate riziki halali, lakini usiandike "asili". Ukitumia kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, vaa glavu na miwani, na kostiki ndiyo itiwayo ndani ya maji, maji usiyamwage juu yake, yatakurukia usoni. Kisha la muhimu zaidi: USIPAKIE KWENYE CHUPA ZA SODA. Wala mafuta ya taa. Mtoto mwenye kiu hasomi. Na akishakunywa mafuta ya taa msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa nguvu, yakirudi yaingia mapafuni, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Jivu la mkaa bado lafaa kusugulia masufuria ama ni ushamba? (Ganjoni)

Lafaa sana. Jivu lina magadi yake ndani, likikutana na mafuta ya sufuria yawa sabuni hapo hapo. Lichunge kwanza lisiwe na vijiwe, lilowe kidogo, sugua na kumbi la nazi, ila zile sufuria nyeusi za mipako ya kutoshika usiziguse, na mikono ioshe ukimaliza manake yakausha. Kumbi usinunue. Yule muuza madafu wa pembeni mwako jioni huwa na rundo lake na hajui alitupe wapi.