Kabla hujawafundisha watoto kuweka akiba

Siku ya kwanza niliyoingia darasani kufundisha elimu ya fedha, kwenye shule moja ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam, nilikwenda na vibubu arobaini vya mbao. Nikaongea kipindi kizima juu ya akiba. Mwishoni nikauliza kama kuna mwenye swali, akasimama binti wa kidato cha pili. Kwa adabu kabisa akasema, "Mwalimu, hiyo hela ya kuweka inatoka wapi?"

Darasa likanyamaza. Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa na swali hilohilo. Mtoto anayepewa shilingi 500 asubuhi, anunue mihogo na maji, na kuna siku hapewi kitu, mimi nilikuwa namwambia nini? Nilirudi nyumbani nimeumia.

Leo ninaongoza asasi ndogo inayofanya kazi hii, na kila mara napata ujumbe kutoka kwa vijana wanaotaka kuanzisha ya kwao. Wengi huniuliza habari za usajili na wafadhili. Usajili una utaratibu wake na ofisi zake, utaelekezwa. Mimi huwauliza kwanza: unajua ni hela gani inapita mbele ya macho ya hao watoto?

Tulipoanza kuuliza badala ya kuhubiri, jibu lililotoka kila shule lilikuwa moja: rejesho, yaani hela ya kulipia mkopo kidogo kidogo. Watoto wa uswahilini wanaijua mikopo ya kausha damu, ile midogo ya mtaani yenye riba kali, kuliko wanavyoijua benki. Mtu wa rejesho akigonga mlango saa mbili asubuhi na mama hana kitu, anayetumwa kwenda kusema "mama katoka" ni mtoto. Tayari yumo ndani ya mambo ya fedha, tena upande ule mgumu. Kumfundisha akiba bila kugusa hilo ni kumruka.

Kwa hiyo somo letu la kwanza sasa ni deni. Tunaandika ubaoni: mama kakopa shilingi 100,000. Ada ya fomu 5,000 imekatwa palepale, kwa hiyo mkononi kaondoka na 95,000. Atarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, Jumapili hazihesabiwi. Haya, pigeni hesabu. Jumla ni 130,000. Amepewa 95,000, atalipa 130,000, tofauti 35,000, yaani karibu shilingi 37 kwa kila 100 aliyoipokea, ndani ya mwezi mmoja. Halafu tunawaongezea swali ambalo huwachukua muda: je, hiyo 95,000 mama alikaa nayo mwezi mzima? Hapana. Ilipofika siku ya 13 alikwishawarudishia 65,000. Kwa hiyo riba ni nzito kuliko inavyoonekana.

Kinachonisikitisha ni kwamba hao wanafunzi riba wamefundishwa. Hisabati ya sekondari inayo, na kanuni ya I = PRT/100 wanaikariri vizuri. Lakini wameisoma kwa Kiingereza, mfano wake mtu asiyemjua aliyeweka pesa benki kwa miaka mitatu, na hakuna aliyewaonyesha kuwa riba hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye kadi ya marejesho ya mama. Kazi yetu kubwa ni kuunganisha hivyo viwili. Ndiyo maana tunafundisha kwa Kiswahili, na nakuomba usikubali kushawishiwa vinginevyo hata mfadhili akitaka vitabu vya Kiingereza.

Hapa niseme kosa langu, ulikwepe. Mwaka wa kwanza tuliwaambia wanafunzi walete kadi za marejesho za nyumbani ili tuzipigie hesabu pamoja. Kijana mmoja akaleta ya mama yake bila kumwambia. Kesho yake mama alifika shuleni akitetemeka. Mumewe hakujua kama ana mkopo, na sasa jirani ambaye mwanawe yumo darasa lile alikuwa anajua. Nilimwomba radhi mbele ya mkuu wa shule, nikamfuata na nyumbani kumwomba tena. Alinisamehe. Ila niliona wazi kuwa nilikuwa nimechukua siri ya nyumba ya mtu nikaifanya kifaa cha kufundishia. Tangu siku hiyo kadi zote tunazitengeneza wenyewe, na mwanafunzi haulizwi chochote kuhusu kwao. Akitaka kusema, anasema akiwa peke yake na mwalimu.

Tunawafundisha pia maswali ya kumuuliza mkopeshaji. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni ya kukopesha inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu. Leseni iko wapi? Mkataba uko wapi, na nakala yangu je? Nikichelewa siku moja, faini ni kiasi gani? Kijana wa kidato cha nne, ambaye baada ya mtihani huenda akapewa bodaboda ya mkataba, anayoilipia kidogo kidogo mpaka iwe yake, maswali haya yatamfaa mapema sana.

Akiba tunaifikia baadaye, na tunapitia kwa mama zao. Kina mama wa mtaani wanacheza mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, wana kijumbe wanayemwamini kukusanya hela, wana vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mfumo huo wa vikundi vya sanduku ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la misaada la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Watu wenye sanduku kama hilo usiwaendee kama hawajui fedha. Tunamwalika mwenyekiti wa kikoba aje aeleze wanavyogawana na wanavyomshughulikia asiyelipa. Hakuna mgeni tuliyewahi kumleta aliyesikilizwa kama yeye.

Kuhusu watu wa kufundisha, tulianza na wanafunzi wa chuo wanaojitolea. Wana moyo, lakini ikifika mitihani yao au mafunzo kwa vitendo wanaondoka, na watoto wanabaki wanamsubiri mtu asiyekuja. Tulibadilisha. Kila shule tunaandaa walimu wawili wa palepale, tunawalipa nauli na posho ndogo iliyoandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Kumbuka tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa na mwalimu amelemewa, kwa hiyo usimwongezee kazi bure ukaita uzalendo. Na miezi ya Oktoba na Novemba waachie mitihani.

Utapata pia majaribu ya fedha zenyewe. Taasisi moja ya fedha ilitaka kutugharamia mwaka mzima, sharti tuwasajilishe wanafunzi akaunti zake. Tulikuwa na deni la kodi ya ofisi wakati huo. Nilikataa, na bado naamini nilifanya sawa. Mtoto anayetuamini darasani hawezi kuwa ndiye bidhaa tunayouza.

La mwisho limenigharimu kulielewa. Mwaka wa tatu, mwalimu mmoja aliniuliza kama wanafunzi wanaweza kuona daftari la mapato na matumizi la asasi yetu. Niliduwaa, kisha nikaona ana haki. Sasa kila mwisho wa mwaka tunaandika ubaoni tulichopokea na tulichotumia, mstari kwa mstari. Mara ya kwanza kijana wa mbele alinyosha kidole: kwa nini usafiri umezidi madaftari?

Nikamweleza: gari la kukodi, mara mbili kwa mwezi, kwa ajili ya wageni wa wafadhili. Akauliza tena, "Hawawezi kupanda daladala?" Mwaka uliofuata nilipunguza ule mstari, tukanunua madaftari 300, na nikarudi darasa lile kumwonyesha.