Kigawo au kigawe? Herufi moja ndani ya 510,510

Swali: Mwanangu aliandika kwenye daftari la hisabati kwamba "510,510 ina vigawe tasa saba". Hesabu yake imetiwa vema, ila mwalimu ameizungushia ile "e" kwa kalamu nyekundu na kuandika "o" juu yake. Je, maneno haya yana tofauti kweli? Na namba hiyo inasomwaje?

Jibu: Mzazi mwenzangu, tofauti ipo, tena kubwa. Maneno yote mawili yametoka kwenye kitenzi gawa. Jina la kitu cha kutendea, mara nyingi, huishia na o: kifuniko ni cha kufunikia, kizibo ni cha kuzibia. Jina la kilichotendwa huishia na e: kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa, mtume ametumwa. Basi kigawo ndicho kinachogawa, na kigawe ndicho kinachogawika. 17 ni kigawo cha 510,510 kwa kuwa huigawa bila baki; 510,510 nayo ni kigawe cha 17. Ndiyo maana darasani tuna Kigawo Kikubwa cha Shirika, lakini Kigawe Kidogo cha Shirika.

Turudi kwenye daftari. Vigawo tasa vya namba hii ni saba kweli: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17, kila kimoja mara moja tu. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo tasa saba tofauti. Vigawe vyake, kwa upande mwingine, havina mwisho: 1,021,020, kisha 1,531,530, na kuendelea. Katika hivyo vyote hutapata hata kimoja kilicho tasa, maana chochote kinachogawika kwa 510,510 hugawika pia kwa 2 na kwa 3. Herufi moja imegeuza saba kuwa sifuri! Mwalimu alikuwa na haki ya kushika kalamu nyekundu.

Neno tasa lenyewe linapendeza hapa. Ng'ombe tasa hazai. Namba tasa haina kigawo zaidi ya 1 na yenyewe. 510,510 ni kinyume chake kabisa: ukihesabu vigawo vyake vyote, utapata 128.

Kuhusu kuisoma, "laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi" ni sahihi, na laki ni neno ninalolipenda. Ila kwa namba hii ningesema "elfu mia tano na kumi, mia tano na kumi", nikitua kidogo katikati. Sikio linanasa papo hapo kwamba 510 imetajwa mara mbili, ya kwanza ikiwa ya maelfu. Yaani ni 510 mara elfu moja na moja, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Mwanao akiisoma hivyo kwa sauti, vigawo vitatu kati ya saba atakuwa amevipata, na 510 itampa vinne vilivyobaki. Asitie tu "na" pale anapotua, mafungu mawili yasije yakachanganyika.