Tulimwacha adeke

Mhariri, swali lenu la wiki hii linawauliza wazazi ni jambo gani walilolifanya mtoto wa pili alipozaliwa ambalo wangelirudia, na ni lipi wangeliacha. Nitaanza na la kuacha, kwa sababu ndilo lililotusumbua zaidi: tungeacha kumwambia binti yetu kwamba sasa yeye ni mkubwa.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi tisa siku mdogo wake alipozaliwa. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, mimi na mama yake, pamoja na karibu kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu, tulikuwa tukimwimbia wimbo uleule: utakuwa dada mkubwa, utamsaidia mama, hutalia tena kwa mambo madogo. Tuliamini kwamba tunampa cheo. Hatukufikiri kwamba mtoto wa umri huo, akisikia kuwa cheo chenyewe kinaambatana na kuacha kulia, kuacha kubebwa na kuacha kulala katikati ya wazazi wake, hung'amua mara moja kwamba hapo hakuna anachopata ila hasara. Mtu mzima akiletewa cheo cha aina hiyo kazini angekikataa kwa barua.

Daktari na mwanasaikolojia Alfred Adler wa Austria, aliyefariki mwaka 1937, alimfananisha kifungua mimba na mtu aliyeondolewa kwenye kiti cha enzi. Fikra hiyo niliisoma baadaye, na ingawa ina ukweli wake, naona kwamba kwetu ilizidi kipimo, kwa maana binti yetu hakuwa na haja ya kumtawala mtu yeyote. Alitaka kubebwa.

Hapo kwenye kubebwa ndipo mambo yetu yote yalipofungamana. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na kama wanavyoelezwa wengi waliojifungua kwa njia hiyo, aliagizwa kwamba kwa muda wa wiki sita hivi asinyanyue kitu chochote kilicho kizito kuliko mtoto mchanga mwenyewe. Tulilichukua agizo hilo kuwa ni jambo la mama na mshono wake, na kwa upande wa kazi za nyumbani tulijipanga vizuri sana: mimi ndiye niliyebeba ndoo, nguo na mizigo. Kitu chenye uzito wa kilo 16 ambacho hatukukiweka kwenye hesabu ni binti yetu, aliyezoea kuinuliwa kutoka kitandani kila asubuhi na mama yake na kupelekwa bafuni akiwa bado anasinzia begani.

Aliambiwa kwamba mama ana kidonda na hawezi kumbeba mtu. Lakini mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24, maana yake ni kwamba kati ya mara 8 na 12 kwa siku binti yetu alishuhudia kwa macho yake mama akimbeba mtu.

Siku ya tano baada ya mama kurudi nyumbani nilikuwa mlangoni nilipomwona amesimama kando ya kitanda. Aliinua mikono yote miwili juu, kama alivyokuwa akifanya tangu enzi ambazo hakujua kusema, akangoja. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza kunyonyesha na bado amemlaza mdogo kifuani, alimwambia kwa upole kabisa, “Mama hawezi, mwanangu, na wewe sasa ni mkubwa.” Binti yetu akateremsha mkono mmoja, kisha ule mwingine. Hakulia, hakuuliza kitu, akageuka na kwenda zake sebuleni. Ningependelea alie.

Usiku huo alikojoa kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa zaidi ya mwaka. Kabla ya wiki kuisha alikuwa anaomba maziwa yake yatiwe kwenye chupa, anasema kwa sauti nyembamba ya kitoto inayokata maneno nusu, na mara nyingine anatambaa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Muuguzi aliyekuwa akimkagua mtoto mchanga alipotusikia tukilalamika alitabasamu, akasema kwamba watoto wengi wa umri wa shule ya awali hurudi nyuma kwa namna hiyo wanapopata mdogo, na kwamba hali hiyo hupita. Mimi sikutaka ipite, nilitaka ikome. Nikabandika karatasi ukutani yenye vijumba vya siku za wiki, nikamweleza binti yangu kwamba kila usiku akiamka akiwa mkavu atapata nyota moja.

Zikapita asubuhi nne bila nyota. Asubuhi ya nne alinisimamia pembeni nilipokuwa nikimbadilisha mdogo wake nepi, akaniangalia nikiifunga ile iliyolowa na kuitupa bila kusema neno, halafu akauliza, “Na yeye kajikojolea. Mbona humwambii kitu?” Sikuwa na jibu ambalo lisingerudi kwenye lile neno “mkubwa”. Karatasi niliiondoa siku hiyohiyo.

Sasa nije kwenye lile ambalo tungelirudia. Tulimwacha adeke. Kudeka katika mazungumzo yetu ya kila siku ni neno la lawama, na mzazi huambiwa mtoto wake anadeka kwa sauti ileile ya kumwambia kwamba mtoto wake ni mwizi. Lakini tulipolitazama vizuri tuliona kwamba mtoto anayedeka anauliza swali, na swali lenyewe ni kama nafasi yake ya utoto bado ipo au imepewa mwingine. Akitaka chupa, alipewa chupa, akainyonya mara mbili tatu na kuiacha kwa sababu maziwa yalikuja taratibu mno. Akitaka kufungwa katika blanketi la mdogo wake, tulimfunga, miguu ikiwa imebaki nje. Hatukumcheka na hatukumpongeza. Shuka likilowa, lilibadilishwa bila hotuba.

La kubeba lilihitaji ufundi zaidi. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba alichokatazwa ni kunyanyua, hakukatazwa kupandwa. Alikuwa akiketi kwenye ukingo wa kitanda, anaweka mto mbele ya mshono, halafu anamwambia binti yake apande mwenyewe kwa kigoda na kujilaza begani, jambo alilolifanya kwa uangalifu wa ajabu, goti moja baada ya jingine, kama mtu anayepanda mtumbwi. Siku ya kwanza alipofanya hivyo ndipo yalipotoka maneno ambayo hatukuyatarajia. Aliuliza, “Mama akipona, huyu atakwenda wapi?” Kumbe kwa hesabu yake mama alikwenda hospitali mzima, akarudi na kidonda na mtoto kwa pamoja, hivyo mtoto na kidonda ni kitu kimoja na vitaisha pamoja. Ikabidi tumweleze tangu mwanzo kwamba mdogo wake hakumuumiza mama, kwamba madaktari ndio waliofungua mlango na kuushona, kwamba kidonda kitapona na mtoto atabaki. Alisikiliza, akataka kuiona bandeji, akaiona, akaridhika nayo kuliko alivyoridhika na habari ya kubaki kwa mtoto.

Kuna jambo jingine dogo la maneno ambalo naliona lina uzito kuliko zawadi zote ambazo watu hushauri kumpa mtoto mkubwa. Jioni moja nilijisikiliza, nikagundua kwamba karibu kila katazo nililomtolea binti yangu lilikuwa na mdogo wake ndani yake: usipige kelele, mtoto amelala, subiri, mtoto ananyonya, hatutoki leo, mtoto hajaoga. Kama ningekuwa mimi ninayeambiwa hivyo mchana kutwa, ningemchukia huyo mtoto ifikapo magharibi. Tukakubaliana na mke wangu kwamba sababu ziwe zetu wenyewe: mikono yangu imejaa, nimechoka, nikimaliza hili nakuja. Tena tukaanza kumngojesha mdogo naye, kwa sauti ya kusikika. Mara ya kwanza nilipomwambia mtoto wa wiki tatu anayelia, “Subiri kidogo, baba, namfunga dada yako viatu,” yeye bila shaka hakuelewa chochote, lakini yule mwenye viatu aliuacha mguu wake hewani, akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniletea mguu wa pili polepole kuliko kawaida. Aliutaka muda ule wote.

Kosa langu jingine kama baba lilikuwa la nia njema. Kwa kuwa mama alikuwa na mdogo, niliona wajibu wangu ni kumchukua mkubwa: kumtembeza, kumwogesha, kumsimulia hadithi. Alinipata mimi kwa wingi, wakati aliyempungukia ni mama yake. Tulipogeuza mambo, nafuu ilionekana ndani ya siku chache. Baada ya mdogo kunyonya mchana, mimi nilimchukua, nikamweka begani hadi acheue, nikakaa naye chumba kingine, na mama akafunga mlango akiwa na binti yake peke yao kwa dakika 15. Hawakufanya la maana. Mara nyingi walilala tu chali na kuhesabu vidole.

Kuhusu kumfanya mtoto mkubwa kuwa msaidizi, jambo ambalo hupendekezwa sana, mimi nina shaka nalo. Kuleta nepi na kuchagua nguo ni michezo mizuri akiipenda, lakini ikiwa kila sifa anayopata inatokana na kumtumikia mdogo wake, tumerudi kwenye kile cheo cha mwanzo. Na usalama hauwezi kukabidhiwa mtu wa umri huo hata kwa dakika moja. Siku moja nilikwenda kuzima jiko, nikarudi na kukuta blanketi limefunika uso wa mdogo. Nilipiga kelele, nikalivuta, naye akaanza kulia huku akisema kwamba alitaka mwanga usimwamshe. Hapakuwa na wivu hata chembe, palikuwa na huruma ya mtu asiyejua kwamba mtoto mchanga hulazwa chali, peke yake, bila kitu chochote kilicholegea karibu na uso. Nilimwomba radhi kwa ukali wangu, na tangu hapo sikuwaacha tena wawili hao peke yao. Kanuni nyingine mbili zilikuwa nyepesi: mikono inawe kabla ya kumgusa, na akirudi shuleni na mafua, amguse miguu badala ya mikono na uso.

Mapenzi yenyewe hatukuyalazimisha, na yalianza kwa kitu ambacho hakikuwa mapenzi. Alimtia mdogo wake kidole kiganjani, na kiganja kikafumba. Mtoto mchanga hushika hivyo kila kinachogusa kiganja chake tangu azaliwe, bila kuchagua, na mshiko huo hupotea wenyewe baada ya miezi michache. Nililijua hilo, nikanyamaza. Kwa muda wa nusu saa binti yetu hakuondoka alipoketi, akituonya kwa jicho tusipite karibu, kwa sababu alikuwa ameshikwa. Baadaye tulimweleza kwamba mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, naye akajifunza kusogeza uso wake hadi pale panapofaa na kubaki hapo, akisubiri kuonekana.

Wiki ya sita ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ndiyo wiki ambayo kilio cha watoto wachanga huwa kimefika kileleni, na wetu alilia kila jioni kana kwamba ana mkataba. Lakini ilikuwa pia wiki ya tabasamu lake la kwanza la kweli, alilompa dada yake na si sisi, na ilikuwa wiki ambayo mama alikaguliwa na kuambiwa kwamba kidonda kimepona na anaweza kurudia shughuli zake hatua kwa hatua. Alirudi nyumbani, akaweka mkoba chini, akainama na kumnyanyua binti yake. Hakuna aliyesema neno. Mtoto alizungusha miguu kiunoni mwa mama yake, akaficha uso shingoni, na mke wangu akanitazama kwa juu ya bega lake, akanionyesha kwa midomo tu kwamba amekuwa mzito.

Sitawadanganya wasomaji kwamba kitanda kilikauka usiku huo. Kililowa kwa mwezi mmoja zaidi, kisha kikaacha kulowa, na siwezi kuitaja siku yenyewe kwa sababu hatukuwa tena na karatasi ukutani.

Mdogo sasa ana miezi minane, anatambaa, na amekwisha kuchana michoro miwili ya dada yake, kosa ambalo bado linajadiliwa nyumbani. Lile neno “mkubwa” limerudi, ila sasa ni mwenyewe analitumia anapolihitaji. Jana usiku alikataa kulala mapema akidai kwamba wanaolala mapema ni watoto wadogo, tukamwongezea dakika kumi. Asubuhi aliinua mikono yote miwili kando ya kitanda ili abebwe hadi bafuni, na mama yake akambeba.