Nati za loki za IST: nunua nne, ila ufunguo usiupoteze

Pole ndugu. Unasema jirani kaamka gari liko juu ya matofali, magurudumu yameibwa, na wewe unalaza Toyota IST yako nje, unauliza kama ununue nati za loki, zile zinazofunguka kwa ufunguo wake maalum tu. Hata mimi ningenunua loki. Nne zinatosha, moja kila gurudumu. Ulizia uzi wa 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya nyuzi. Za Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25, ukilazimisha unaua stadi, ile bolti inayoshika gurudumu. Angalia na kitako, sehemu ya nati inayokalia rimu: spoti rimu nyingi za Toyota yenyewe hutumia nati yenye washa bapa, za madukani mara nyingi zinataka kitako cha koni. Visipooana gurudumu hulegea, hata ukikaza mpaka jasho likutoke.

Ufunguo wake sasa. Mimi niliuacha kwa fundi pancha, nikaja kugundua usiku, tairi limeisha upepo, niko njiani! Uweke pamoja na jeki, namba iliyoandikwa kwenye ufunguo ipige picha. Mashine ya upepo ya kufungulia nati isiguse hizo, inakula meno ya ufunguo. Kaza kwa mkono, kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia, takriban Nm (nyutoni mita) 103, halafu zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikigoma kutoka, usigongelee soketi kwa nyundo. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kung'olea.