Debian, Ubuntu au Linux Mint kwa kompyuta ya mtumba: angalia masasisho kabla ya sura

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, iliyokuwa na Windows 10 hadi Microsoft ilipoacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Unaitumia kuandika barua na ripoti, kuchapisha, na kuingia mtandaoni kwa bando la simu. Umeuliza uchukue ipi kati ya Ubuntu, Linux Mint na Debian, mifumo endeshi ya Linux inayoweza kuchukua nafasi ya Windows, ukaongeza kwamba kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja, pengine inatosha kuchagua yenye sura inayokuvutia. Nimezitumia zote tatu tangu 2016, nyumbani na katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari ninakofundisha, na suala la sura ndilo ninalokuomba uliweke mwisho kabisa.

Sura hubadilishwa kwa nusu saa. Xfce, ambayo ndiyo eneokazi (yaani skrini yenye menyu, aikoni na madirisha) jepesi linaloifaa kompyuta yako, inapatikana katika mifumo yote mitatu na huonekana karibu sawa ukishaipanga upendavyo. Kisichobadilishwa kirahisi ni ghala ambalo kompyuta yako itachota programu zake, ratiba ambayo ghala hilo hufuata, na kiasi cha bando utakachotumia kila mwezi ili ubaki salama. Hapo ndipo ndugu hawa watatu wanapoachana.

Debian ndiyo mzazi. Ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na hadi leo inaendeshwa na watu wanaojitolea, bila kampuni inayoimiliki. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake ya Canonical. Jina lenyewe ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Kila toleo la Ubuntu huanza kwa kuchukua vifurushi vya programu kutoka tawi la Debian linaloendelea kufanyiwa kazi, kisha vifurushi hivyo hujengwa upya, hurekebishwa na kugandishwa kwa ratiba ya Canonical: toleo kila miezi 6, na kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, toleo la LTS, yaani la huduma ya muda mrefu. Linux Mint, aliyoianzisha Clement Lefebvre mwaka 2006, hairudii kazi hiyo. Inasimama juu ya ghala lilelile la Ubuntu LTS na kuongeza tabaka lake: eneokazi la Cinnamon, kidhibiti cha masasisho, na zana kama Timeshift ya kurudisha mfumo ulivyokuwa jana. Kwa hiyo anayetumia Mint akisasisha kompyuta yake, sehemu kubwa ya anachopakua hutoka Ubuntu. Kuna pia LMDE, ambayo ni Mint iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian, na wengi huisahau.

Wote watatu hutumia faili za aina moja, zinazoishia na .deb, na amri ileile ya apt, inayosimika na kusasisha programu. Kufanana huko ndiko kulikoniponza. Mwaka 2018 nilikuwa na Debian 9 kwenye kompyuta yangu ya kazi, nikahitaji toleo jipya zaidi la programu ya kuhariri video ambalo Debian 9 haikuwa nalo. Nikaona kwamba Ubuntu 18.04 inalo, nikaongeza anwani ya ghala la Ubuntu kwenye orodha ya Debian, nikaagiza programu ile. Apt ilinionyesha waziwazi kwamba ingebadilisha libc6, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea, na kwamba ingeondoa vifurushi kadhaa. Sikusoma, nilikubali. Kesho yake eneokazi halikufunguka, nami nilikuwa na mitihani ya muhula ya kuchapisha. Nilinusuru mafaili kwa kuwasha kompyuta kwa flashi, nikasimika mfumo upya. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Debian ina njia yake rasmi ya kupata programu mpya juu ya toleo la zamani, inayoitwa backports, na ningeitumia hiyo nisingepoteza siku mbili. Nakusihi ulishike hili: undugu wa mifumo hii hauruhusu kuchanganya maghala yao, kwa sababu maktaba zilizo chini hutofautiana matoleo hata majina yakifanana.

Sasa tuje kwenye bando. Debian hutoa toleo imara takriban kila miaka 2, na Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Toleo likishatoka, programu zake hazipandishwi daraja. Kasoro za usalama huzibwa ndani ya matoleo yaleyale, isipokuwa machache kama kivinjari cha Firefox, ambacho hutolewa kwa mkondo wa ESR unaobadilika taratibu. Maana yake ni kwamba masasisho huwa machache na hayakushtui kwa mabadiliko. Huduma hiyo hudumu miaka 3, kisha huendelezwa kwa miaka mingine 2 na kundi la LTS.

Ubuntu LTS nayo huhudumiwa miaka 5, na mtu binafsi anaweza kujisajili na Ubuntu Pro bila malipo kwa kompyuta hadi 5 ili apate miaka 10. Ila tambua kwamba programu kadhaa za Ubuntu, Firefox ikiwemo, huja kwa mfumo wa Snap, njia ya Canonical ya kufungasha programu. Vifurushi vya Snap hubeba maktaba zake ndani, hivyo huwa vikubwa, na hujisasisha vyenyewe usipovizuia. Kwa mwenye intaneti ya waya ni urahisi mkubwa, kwani kivinjari chake hakichakai kamwe. Kwa mwenye bando la GB chache ni jambo la kupanga mapema: amri ya snap refresh --hold huyasimamisha masasisho hayo, nawe unabaki na wajibu wa kukumbuka kuyaruhusu. Mint tangu toleo la 20, mwaka 2020, haisimiki Snap yenyewe, na Firefox yake ni .deb ya kawaida.

Shuleni kwetu jambo hili ndilo lililoamua. Tuna kompyuta 18 na laini moja ya intaneti. Tuliweka Debian kwenye zote, na kwenye mojawapo tukasimika apt-cacher-ng, programu inayohifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa, ili kompyuta nyingine zikichukue hapohapo ndani ya chumba badala ya kukipakua tena. Sasisho la MB 200 linatugharimu MB 200, si mara 18 yake. Hifadhi hiyo haishiki vifurushi vya Snap, na ndiyo sababu Ubuntu, ambayo niliipenda na ndiyo iliyonifundisha Linux, haikutufaa pale.

Kuhusu Wi-Fi, utakutana na maelezo ya zamani yanayodai kwamba Debian haitambui kadi za Wi-Fi. Yalikuwa na ukweli wakati wake, kwa kuwa programu ndogo zinazoendesha kadi hizo, yaani fimwea, hazikuwemo kwenye kisimikaji rasmi kwa sababu si huria. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kuziruhusu, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Baadhi ya kadi za Broadcom bado husumbua, na hapo Mint ina faida ya kidhibiti cha draiva chenye vitufe.

Kwa kompyuta yako, na kwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza, ningechukua Linux Mint ya Xfce. Faili yake ya kusimikia ni karibu GB 3, ilhali ya Ubuntu ya kawaida inakaribia GB 6, na eneokazi la GNOME la Ubuntu litaibana RAM yako ya GB 4 ukifungua kivinjari na LibreOffice, programu ya kuandikia barua na ripoti, kwa pamoja. Xubuntu, yaani Ubuntu yenye Xfce, ni nyepesi pia, lakini huhudumiwa miaka 3 tu. Debian ningekupendekezea kama ungekuwa na mtu wa karibu wa kukushika mkono wiki ya kwanza, au kama bando lako ni dogo kiasi kwamba hata GB 3 ni mzigo, kwa kuwa kisimikaji chake kidogo hakifiki GB 1, ingawa kitahitaji mtandao kumalizia kazi. Na ukipata fedha kidogo, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ya GB 120 kabla ya kuongeza RAM. Katika kompyuta zetu za shule hakuna badiliko lililoonekana wazi kuliko hilo.

Kabla ya kufuta chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisimika, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa unayoitumia, na kama kompyuta huamka vizuri baada ya kufunikwa. Ukiwa humo, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, kisha weka matokeo yake hapa pamoja na jina la printa, nami nitakuambia kama kadi yako ya Wi-Fi inahitaji draiva ya ziada.