Poncho badala ya hema? Inategemea unalala wapi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama poncho ya mvua (lile vazi pana kama shuka, lenye kofia katikati) inatosha kulala usiku mmoja msituni Uluguru ili usibebe hema. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, njia ya Machame, na poncho haikosi begini mwangu. Msituni inatosha. Ukishatoka kwenye miti, mfano pale kambi ya Shira Kilimanjaro, zaidi ya mita 3,700, usijaribu. Upepo utaipeperusha kama bendera.

Usinunue zile nyepesi za kuvaa mara moja, zinachanika ukikaza kamba. Tafuta ya kijeshi yenye pete za chuma pembeni, soko la mitumba la Memorial hapa Moshi zinapatikana. Iinue juani uangalie matundu, hasa mabegani ambako mikanda ya begi husugua.

Kazi yenyewe iko kwenye kofia. Vuta uzi wake mpaka mdomo uzibe, sokota ile shingo, ikunje na uifunge tena. Ukiiacha bila kuikunja, maji yatakudondokea kifuani usiku kucha. Hapohapo funga kamba nyingine kwenda kwenye tawi, paa linyanyuke katikati maji yasituame.

Kamba kuu ya manila, inayoshika poncho, ifunge mti hadi mti, usawa wa kiuno tu, na upande wa poncho unakotoka upepo ushushe mpaka chini. Wengi huloweshwa na kamba hiyo: maji ya mti yanaifuata mpaka ndani. Funga kitambaa juu yake kabla haijafika kwenye poncho, yadondokee hapo. Pete ikichomoka, weka kijiwe kwenye pembe, kiviringishie poncho, kamba uikaze chini ya kijiwe.

Poncho moja haiwezi kuwa paa na tandiko kwa pamoja. Mkiwa wawili, moja juu, nyingine chini. Ukiwa peke yako ongeza kipande cha turubai. Na kagua siafu kabla ya kutandika, maana hapa hakuna zipu ya kufunga.

Mchana inakufunika wewe na begi lako. Wageni wenye makoti ya bei mbaya hulowa mapaja, sisi wapagazi, wagumu, tuko wakavu mpaka magotini! Kupika chini yake hapana, nailoni inayeyuka.

Kama unaenda masika, Machi hadi Mei, beba hema tu.